Bomba Nililolisabilia

Mwezi wa Februari, mwaka 1998, nilifiwa na mke wangu. Alifia hospitali, mashariki mwa London, asubuhi ya siku ya kazi, mvua ikinyesha. Hatukujaaliwa mtoto. Nilipotoka mlango wa hospitali na mfuko wa nguo zake mkononi, mtu wa kwanza niliyempigia simu alikuwa msimamizi wangu, kumwambia kwamba leo sitafika.

Siku yake ya mwisho mke wangu aliomba maji. Madaktari walikuwa wamekataza asinywe kitu kwa ajili ya upasuaji uliokuwa ukingojwa, na muuguzi alinionyesha namna ya kumlowesha midomo kwa kijiti chenye sifongo. Simlaumu mtu. Walikuwa na sababu yao, na walimtunza vizuri. Lakini alinitazama akaniambia, "Si hivyo, bwana. Nipe maji ya kunywa." Nikamlowesha midomo. Hilo ndilo neno lake la mwisho ninalolikumbuka likiwa na maana. Yaliyofuata yalikuwa maneno ya homa.

Tulikuwa tukikaa Ilford, juu ya duka la vitambaa. Watu wetu wa Pemba na Unguja walikuja kutoka kila pembe ya mji, wakaturundikia viatu ngazini, wakasoma hitima, wakapika, wakaosha masufuria. Siku ya tatu ilipopita kila mmoja alirudi kazini kwake, kama inavyopasa. Nikabaki na madumu.

Mke wangu alikuwa na tabia moja ambayo London haikumtoa. Alijaza maji. Nyuma ya mlango wa bafu alipanga madumu na ndoo zenye vifuniko, zote zimejaa mpaka juu, kwa sababu kwao maji yalikuwa yakija yanapotaka na kuondoka yanapotaka. Nilikuwa nikimtania, "Wewe, hapa maji hayakatiki." Naye hunijibu, "Hakuna mji usiokatika maji. Wewe ngoja tu." Basi maji yale aliyoyateka kwa mkono wake yalikuwepo. Sikuweza kuyamwaga. Nilitawadhia, kidogo kidogo, mpaka yakaisha, na yalipoisha sikuyajaza tena.

Kazi yangu ilikuwa kutandika mabomba ya maji. Watu husikia London wakadhani ni majumba matupu, lakini upande wa mashariki, kabla mji haujakwisha kabisa, kuna nchi tambarare kando ya mto, ina mashamba, mifereji, ng'ombe wachache na nyumba moja hapa, moja kule. Ni nchi ya mafuriko. Kiangazi udongo wake hukauka ukapasuka, majira ya baridi hujaa maji ukavimba, na bomba la chuma lililolala ndani yake miaka mingi huvunjwa na huko kuvutwa na kusukumwa. Mashamba yakifunikwa na maji, uchafu hutafuta nyufa ukaingia. Kampuni yetu ilipewa kazi ya kubadilisha laini zile za zamani na kuweka mabomba ya plastiki ya rangi ya buluu.

Tulikuwa kikosi kidogo. Msimamizi alikuwa Mwairishi, mtu wa maneno machache. Mwendesha mashine ya kuchimbia alikuwa Kalasinga aliyezaliwa Kisumu, akikaa Southall, na huyo ndiye aliyekuwa akizungumza nami Kiswahili. Kiswahili chake kilikuwa kile cha dukani kwa baba yake, cha haraka, kisichogeuka nyuma kutazama kimeangusha nini. Mimi nilikuwa mtu wa mtaroni. Mashine ilichimba, mimi nilishuka kusawazisha chini, kuweka mchanga, kupokea bomba na kuliunganisha.

Siku niliyorudi kazini Kalasinga alishuka kwenye mashine, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo, akasimama mbele yangu na kilemba chake kimelowa.

"Mzee, mimi nasikia habari. Pole sana."

"Nimeshapoa."

"Wewe hapana poa. Lakini sawa." Akapanda tena, akawasha mashine.

Mtaro katika nchi ile haukai mkavu. Ukichimba kina cha kiuno, maji huanza kutoka pembeni, ya rangi ya chai ya rangi, taratibu, bila sauti. Tulikuwa na pampu ya kuyanyonya, lakini kila ilipozimwa maji yalirudi. Nilishinda nimesimama ndani yake kwa viatu vya mpira, na siku nyingine sikutamka neno tangu nilipofika mpaka nilipoondoka. Kalasinga alikuwa na kelele za mashine yake. Msimamizi alikuwa kwenye gari. Nikirudi nyumbani sauti yangu ilikuwa imekauka kwa kutotumika, na nikitoa salamu mlangoni, nilivyozoea, naisikia mwenyewe.

Ni huko mtaroni nilikopata fikira yangu. Kwetu mtu akifiwa, na akiwa na uwezo, humfanyia marehemu wake sadaka ya maji. Mwenye nacho huchimba kisima. Asiye nacho huweka mtungi kando ya njia na kata juu yake, na kila apitaye akanywa, thawabu humfikia aliye kaburini. Haikatiki maadamu watu wanakunywa. Mimi sikuwa na haja ya kutafuta. Maji yalikuwa yakipita mikononi mwangu kila siku. Basi asubuhi moja, nikiunganisha kipande kipya, nilisema Bismillahi, nikatia nia kwamba bomba hili nimelisabilia kwa ajili ya mke wangu. Nilifanya hivyo wiki nzima, kipande kwa kipande, na wiki ile nililala vizuri.

Ijumaa, baada ya sala, nilimweleza mwalimu wetu wa msikitini, mtu wa Unguja, mzee wa makamo, mcheshi. Nilidhani atafurahi. Alinishika mkono akaniuliza, "Hiyo kazi wanakulipa?"

"Wananilipa."

"Vizuri?"

"Si haba."

"Basi, ndugu yangu, maji umeshayauza. Kazi ya halali ina thawabu yake, mimi siidharau. Lakini sadaka ni kitu kimekutoka. Wewe hapo hakikukutoka kitu, kimekuingia."

Aliona uso wangu, akaniambia kwa upole, "Hamna haraka. Yeye hendi popote. Tafuta kitu cha mikono yako mwenyewe."

Nilirudi nyumbani kwa miguu ingawa basi lilikuwepo. Wengine watauliza kwa nini sikutuma fedha nyumbani kisima kikachimbwa. Nilifikiri hilo. Lakini kurudi Pemba wakati ule halikuwa jambo jepesi kwangu, na sikutaka sadaka ambayo ningeambiwa kwa simu kwamba imefanyika. Nilitaka niyaone maji yakitoka na mtu akinywa.

Laini tuliyokuwa tukiibadilisha ilifuata njia ya shamba mpaka kwenye lango la nyumba moja ya matofali, ya mwisho kabisa, karibu na tuta la mto. Hapo alikaa mwanamke mzee wa Kiingereza, mjane, peke yake na mbwa wake. Nitamwita bibi, kwa kuwa kwetu ningemwita hivyo. Mbele yake nilimwita Misisi.

Tulipofika langoni kwake msimamizi alifunga koki mpya, akaweka kisanduku chake na kifuniko, na akamweleza bibi kwamba kazi imekwisha. Bibi alisimama na koti la mvua juu ya nguo za nyumbani, akauliza, "Na kutoka hapa mpaka jikoni kwangu?"

"Hapo ni pako, Misisi. Kampuni inaishia langoni."

"Lakini bomba la ndani ndilo lililooza. Maji yakipanda shambani, natoa matope bombani. Nachuja kwa kitambaa, halafu nachemsha."

"Utafute fundi."

"Fundi aliyekuja alitazama njia hii yote, akatazama matope, akaniambia atanipigia simu." Akacheka peke yake. "Labda simu yangu nayo imeingia matope."

Msimamizi naye alicheka, akapanda gari. Si mtu mbaya, na aliyoyasema ndiyo sheria yenyewe. Mimi nilikuwa nakusanya koleo. Nikatazama toka langoni mpaka ukutani mwa jikoni: bustani ya kabichi, uwanja wa majani, mfereji mdogo, kisha ukuta. Kazi ya mtu mmoja asiye na pa kwenda Jumapili.

Jumapili iliyofuata nilipanda treni, kisha basi, kisha nikatembea, nikagonga mlango. Mbwa alibweka kwanza. Bibi alifungua kidogo tu.

"Hatununui," alisema.

"Siuzi kitu, Misisi. Mimi ni mmoja wa wale wa bomba."

"Mmesahau nini?"

"Hakuna. Nataka kukuwekea bomba lako. Hili la ndani."

"Kwa bei gani?"

"Bure."

Akafungua mlango vizuri, ili anione. "Bure," akasema. "Mwanangu, nimeishi miaka mingi. Mtu aliyewahi kunifanyia kitu bure alikuwa anataka nyumba."

"Mimi nyumba yako siitaki. Ina maji."

Sikukusudia mzaha, lakini alicheka, kisha akakaza uso. Aliniambia hajapata kupokea sadaka ya mtu tangu azaliwe. Baba yake alikufa bila kupokea, na mumewe vilevile, na yeye hataanza leo kwa mgeni aliyekuja na koleo. Kama nataka kufanya kazi, nitaje bei. Nikamwambia nikitaja bei kazi haina maana kwangu. Akaniambia basi kwake nayo haina. Tukasimama hivyo, yeye hataki kupewa, mimi sitaki kulipwa, na mbwa anazunguka miguu yangu.

Nilikuwa nimekwisha kugeuka. Kisha, sijui kwa nini, nikamwambia, "Misisi, si sadaka yako wewe. Ni ya mke wangu. Amekufa mwezi wa pili."

Nikamweleza, kwa Kiingereza changu kile, habari ya mtungi wa njiani na ya wanaokunywa. Sikumweleza habari ya hospitali. Alisikiliza amekunja mikono.

"Kwa hiyo mimi ni mpita njia tu," alisema.

"Ndiyo, Misisi."

"Na sina haja ya kukushukuru."

"Huna."

Alifikiri. "Hilo naliweza," akasema. "Usiniharibie kabichi."

Bomba nililinunua mwenyewe, na maungio yake, na mchanga. Kalasinga aliposikia alinionyesha masalio yaliyolala nyuma ya gari la kazi. "Chukua hii, mzee. Wao natupa tu." Nikamwambia sadaka ya kitu cha kuokota garini mwa mwajiri naiogopa. Akatikisa kichwa. "Wewe iko na Mungu mkali sana. Mungu yangu napenda plastiki yoyote."

Nilichimba Jumapili baada ya Jumapili. Bila mashine na bila pampu kazi ile ilikuwa nyingine kabisa. Nilichimba kipande kifupi, nikateka maji kwa ndoo, nikachimba tena, kuta zikaanguka, nikaweka mbao. Mara nyingine nilirudi wiki ya pili nikakuta mtaro umejaa na bata wawili wanaogelea. Mbwa alinizoea. Alikuwa akishuka kunilamba mikono, na sisi mate ya mbwa hutulazimu kuosha mara saba, moja kwa udongo. Udongo haukunipungukia.

Bibi aliniletea chai Jumapili ya kwanza, ndani ya kikombe cha maua, juu ya kisahani, na biskuti pembeni. Nikamwambia hapana, asante, nina chupa yangu. Na kweli nilikuwa nayo. Ukweli wote ni kwamba niliogopa. Mwalimu alisema sadaka ni kitu kimekutoka. Nikajiambia, nikinywa chai ya huyu mama kitu kitakuwa kimeniingia, kidogo, lakini kimeingia, na bomba halitakuwa tena la mke wangu peke yake. Nilitaka liwe safi.

Jumapili ya pili alileta tena. Nikakataa tena. Ya tatu alimfungia mbwa bandani kabla ya kuleta, akaniambia, "Najua watu wenu hawapendi mbwa. Nimeosha vikombe kwa maji ya moto." Nikamwambia si mbwa, Misisi, si vikombe. Hakuuliza ni nini basi, na mimi sikusema. Mbwa alilia bandani mchana kutwa. Jumapili ya nne chai haikuja. Nilimwona dirishani jikoni, amesimama na kikombe chake mwenyewe, ananitazama, na nilipoinua macho akaondoka. Kuanzia hapo tulizungumza mambo ya mtaro tu: umefika wapi, kabichi ile niing'oe, kesho itanyesha.

Nilikula mkate wangu nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nimewapa mgongo yeye na nyumba. Nikaona kwamba mchana wangu wa pale na jioni yangu ya Ilford zimekuwa kitu kimoja.

Kalasinga alikuja Jumapili moja, bila kualikwa, kwa gari lake, na chapati za mkewe zimefungwa kitambaani. Alisema amekuja kuona huyo mwenye Mungu mkali anachimba namna gani. Bibi akamwona mgeni mpya, mwenye kilemba, akatoka na sinia, vikombe viwili. Nadhani ilikuwa mara yake ya mwisho kujaribu. Kalasinga alipokea kwa mikono yote miwili.

"Mama, mimi nimezaliwa Kisumu, chai nimeanza kunywa tumboni," alimwambia kwa Kiingereza, na bibi akacheka sana, akamuuliza Kisumu ni wapi. Mimi nikasema hapana, asante. Bibi akachukua kikombe changu kikiwa kimejaa, akakirudisha ndani.

Mlango ulipofungwa Kalasinga akaniinamia mtaroni.

"Wewe mzee iko mbaya sana."

"Nimefanya nini?"

"Chai nakataa kwa nini?"

Nikamweleza. Alisikiliza, anatafuna biskuti yangu.

"Sasa sikia. Sisi hekaluni Southall napika bure kila siku. Mtu yoyote nakuja nakula. Na sisi wenye kupika nakaa chini naye, nakula pia. Hapana mtu nasema, ah, wewe mpishi umekula dal, thawabu kwisha. Huyu mama hapana taka kulipa wewe. Yeye nataka mtu ya kunywa naye chai. Wewe natoa maji, nanyima watu uso."

"Ndivyo nilivyoambiwa mimi."

"Nani ameambia wewe? Mwalimu amesema chai?"

Mwalimu hakusema chai. Ijumaa nilimwendea, nikamuuliza. Akaniuliza, "Umemrudishia mwenyeji wako chai, wewe, Mpemba?" Nikasema ndiyo. "Jumapili zote?" Ndiyo. Akafunika uso kwa kiganja, mabega yakamtikisika kwa kicheko, mpaka watu wakageuka. "Ya Rabi," alisema. "Nenda kanywe chai ya watu. Chai si ujira. Na umtake radhi."

Jumapili iliyofuata ndiyo niliyomaliza. Niliunganisha bomba na koki ya langoni, nikapitisha mwisho wake chini ya ukuta, nikaingia jikoni mara ya kwanza na kulifunga kwenye bomba la sinki. Lile bovu nikalikata na kuliziba. Nikafungua maji yakatiririka muda mrefu, kwanza ya kijivu, kisha meupe kwa hewa, kisha safi. Bibi alikuwa amesimama nyuma yangu. Alichukua glasi, akaijaza, akainyanyua kwenye mwanga wa dirisha. Kisha akainywa, yote, amesimama, bila kupumzika, koo lake likipanda na kushuka.

Nilimtazama mpaka tone la mwisho. Kichwani nilisema, haya, mama, kunywa, na sikuwa nikimwambia yeye.

Alipoweka glasi niliomba chai. Nikamwambia pia kwa nini nilikuwa nakataa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nilidhani unaniona mchafu." Kisha akaweka birika. Tulikunywa tumekaa mezani, mbwa chini. Aliniuliza mke wangu alikuwa mtu wa namna gani, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo, kwa kuwa wote walionizunguka walikuwa wakimjua. Nikamweleza habari ya madumu nyuma ya mlango. Akasema yeye naye alikuwa akijaza bafu zima kila anaposikia mvua kubwa redioni.

Kazi yetu ikahamia upande mwingine wa mji. Nilikwenda kumwamkia mara chache, kisha mara chache zaidi. Safari ilikuwa ndefu, na nikawa na maumivu ya mgongo yaliyonitoa mtaroni nikawekwa ghalani. Lakini kila mwisho wa mwaka nilipata kadi kutoka kwake, yenye picha ya theluji, na ndani maneno yale yale: maji yanatoka, mazuri. Sikukosa kuisubiri kadi ile. Nilikuwa mtu wa kurudi nyumbani, kupika, kula, kuosha sahani moja. Ilipofika nilijua kwamba kuna mtu anakunywa, na mke wangu anafikiwa.

Mwisho wa mwaka 2003 kadi haikuja. Nikasubiri mpaka Januari ikaisha. Nilijiambia posta imechelewa, kisha nikajiambia ni mzee, mikono inamtetemeka. Kwenda nilikuwa nikiogopa. Nilikwenda Machi, mvua zilipopungua.

Njia ilikuwa ile ile ila imechimbika zaidi. Mashamba yalikuwa yametoka kwenye mafuriko, majani yamelala upande mmoja, na alama ya matope kwenye nguzo za uzio ilinifika kifuani. Nyumba ilikuwepo. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa mbao, na mlango umepigwa ubao wenye tangazo kwamba jengo si salama. Bustani haikuwa bustani tena. Nilizunguka mpaka upande wa jikoni. Nikatazama kwa ufa wa mbao. Sinki lilikuwa limeondolewa.

Nilikaa kwenye ngazi ya mlango. Nilimwombea bibi, kwa namna ninayojua, bila kujua kama yu hai au la. Kisha nikafikiri juu ya yule wa kwangu. Bomba lilikuwa chini pale, jipya bado, litaishi kuliko mimi. Lakini bomba si sadaka, sadaka ni kunywa. Nilihesabu kwamba imekatika, na sikuwa na mgongo wa kuanza nyingine.

Nikasikia maji.

Yalikuwa nyuma ya banda. Mtu mmoja wa makamo, mwenye buti na kofia ya sufu, alikuwa amesimama na mpira wa kumwagilia mkononi, anajaza bafu kuukuu la chuma lililowekwa shambani. Farasi watatu walikuwa wamelizunguka. Mpira ulitoka ardhini, mahali ambapo mtu alikuwa amechimba, akakata bomba langu na kufunga koki ya shaba. Muungo haukuwa mbaya.

"Unatafuta mtu?" aliniuliza.

Nikamuuliza habari ya bibi. Akasema alipelekwa Dagenham, kwenye nyumba ya wazee, baada ya maji kuingia ndani mara ya pili, na huko akafa kabla ya Krismasi. Alikuwa akimfahamu kidogo. Shamba yeye alilikodi kwa mpwa wa bibi. Nyumba haikaliki tena, alisema, hakuna atakayeruhusiwa kuishi hapa.

"Wewe ni nani kwake?"

"Nililiweka bomba hili."

Akatazama mpira, akanitazama mimi. "Lina nguvu," alisema. "Kwingine kote huku nabeba kwa ndoo."

Farasi mmoja, wa kahawia, alikuwa ameinamisha kichwa ndani ya bafu. Alikuwa akinywa kwa mvuto mrefu, masikio yakienda mbele kila anapomeza. Nimefundishwa tangu chuo cha Kurani kwamba kumnywesha mnyama nako kuna thawabu yake, na nilijikumbusha hilo. Nilisimama kumtazama. Alipoinua kichwa maji yalimtiririka kidevuni, akanitazama, akainama tena.

Yule bwana alifunga koki, akakunja mpira, akautundika kwenye msumari wa banda. Akaniuliza kama nimekuja kwa gari. Nikasema kwa basi. Akasema la mwisho linapita karibuni, siku za Jumapili hayachelewi. Tulitembea pamoja mpaka langoni, nikatoka, naye akafunga lango kwa mnyororo, akarudi kwa farasi wake.